Kuchora pete kuu inayozunguka nyota: mwongozo kwa anayeanza

Wanaoanza kuchora anga huuliza mambo yale yale. Ninunue rangi gani? Duara lililolala huchorwaje bila kupinda? Na mbona pete yangu, niliyoikusudia iwe kazi ya viumbe walioizingira nyota yao nzima, inaonekana kama bangili iliyovishwa balbu? Maswali mawili ya kwanza yana majibu mafupi. Nimeandika mwongozo huu kwa ajili ya lile la tatu, kwa sababu mtazamaji asipouhisi ukubwa, picha ya aina hii haina kazi.

Tutachora picha moja kwa rangi za akriliki juu ya ubao wa sentimita 60 kwa 40. Ndani yake kutakuwa na nyota ndogo ya rangi ya machungwa, pete pana inayoizunguka, na bumba la paneli za kunasa mwanga katikati yao. Itakuchukua wikendi mbili hivi, na muda mwingi utakuwa wa kungoja rangi ikauke.

Nadharia ni hii tu. Mwaka 1960 mwanafizikia Freeman Dyson alichapisha makala fupi katika jarida la Science. Alisema kwamba jamii iliyoendelea sana ingeweza kuizunguka nyota yake ili inase nguvu zake, nasi tungeitambua kwa joto linalovuja kutoka huko. Wengi walidhani anazungumzia gamba gumu lililoifunika nyota. Alichomaanisha ni bumba: vitu vingi mno, kila kimoja katika njia yake. Pete ngumu kama yetu nayo ina udhaifu wake. James Clerk Maxwell, alipochunguza pete za sayari ya Zohali katika karne ya 19, alionyesha kwamba pete ngumu haiwezi kutulia mahali pake yenyewe. Kwa hiyo viumbe wetu lazima wawe na injini za kuirudisha pete katikati kila inapoyumba, na injini hizo tutazichora.

Vifaa

- Kipande cha hadibodi, sm 60 kwa 40. Nenda duka la vifaa vya ujenzi, mwambie, "Fundi, nikatie kipande cha hadibodi, sitini kwa arobaini, kingo ziwe sawa." Uliza kwanza kama ana vipande vilivyobaki, huuzwa kwa bei nafuu.
- Rangi ya maji nyeupe ya ukutani ya kuandaa ubao, pamoja na msasa laini.
- Akriliki: nyeupe (nunua mbili, itaisha kabla ya zote), bluu ya ultramarini, kahawia iliyokoza, manjano, nyekundu. Nyeusi ya tyubu usinunue, sababu utaiona hatua ya 3.
- Brashi tatu: bapa ya inchi moja, ya mviringo ya kati, na namba 0 au 00. Hii ndogo usiibanie pesa.
- Sponji ya godoro. Mafundi wa sofa wa Ngong Road na Gikomba, hapa Nairobi, hutupa vipande kila siku. Omba.
- Mswaki wa zamani, rula ndefu, penseli, chaki nyeupe, tepu ya karatasi, vijiti vya meno.
- Karatasi ya manila iliyo kubwa kuliko ubao wako, misumari midogo miwili, na uzi wenye nta wa fundi viatu.
- Vanishi ya akriliki isiyong'aa.

Rangi na brashi utazipata Text Book Centre au katika maduka ya vifaa vya ofisi katikati ya jiji. Kama fedha zinabana, usisubiri. Alexei Leonov, mtu wa kwanza kutoka nje ya chombo angani, Machi 1965, alichora macheo kwa penseli za rangi akiwa safarini humo humo.

Kuhusu rangi ya kupuliza: mafundi wanaopamba magari ya matatu hufanya nayo maajabu, na ukipata nafasi ya kusimama kando ya mmoja wao ukiangalia anavyoziba kwa tepu, utajifunza mengi. Kwa picha hii haifai, kwa sababu vitu vyetu vingi ni vya milimita moja au chini ya hapo.

Hatua

1. Panga kipimo kabla ya kugusa rangi.

Hapa ndipo picha nyingi huharibika. Kipenyo cha Jua letu ni kilomita milioni 1.39, na Dunia iko umbali wa kilomita milioni 150. Ukilichora Jua kwa sentimita 1, pete inayopita kwenye njia ya Dunia itakuwa na upana wa sentimita 215. Haiingii ubaoni, labda ukutani. Anayeanza akigundua hivyo hulinenepesha jua na kuivuta pete karibu, na hapo bangili inazaliwa.

Chagua nyota ndogo. TRAPPIST-1, iliyo umbali wa miaka ya nuru 40 hivi, ni nyota kibete nyekundu yenye kipenyo cha takriban kilomita 165,000, yaani inaizidi sayari ya Mshtarii kidogo tu. Ina sayari 7, idadi iliyotangazwa mwaka 2017, na zimeisogelea nyota yao kwa sababu mwanga wake ni hafifu. Tukiifanya nyota yetu iwe kama hiyo, kwa sentimita 1, pete ya sentimita 50 itakuwa na kipenyo cha kilomita milioni 8.25. Hapo itakaa kati ya njia ya sayari ya tatu na ya nne, mahali ambapo mwanga si mkali mno wala si haba. Kila kitu kimeingia ubaoni kwa kipimo cha kweli.

Nyuma ya ubao andika: milimita 1 = kilomita 16,500. Dunia yetu ni milimita 0.8. Mshtarii ni milimita 9 kasoro kidogo. Utarudi kuyasoma maandishi haya kila utakapojaribiwa kuongeza madoido.

2. Andaa ubao.

Piga msasa upande laini mpaka upoteze mng'ao, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, kisha paka rangi nyeupe ya maji mara mbili, mkono wa pili ukikata wa kwanza. Miezi ya mvua, Machi hadi Mei, ngoja usiku kucha kati ya mikono. Januari na Februari tatizo ni vumbi, kwa hiyo laza ubao chini ya katoni iliyopinduliwa.

3. Tengeneza weusi wa anga.

Changanya bluu ya ultramarini na kahawia iliyokoza, nusu kwa nusu. Utapata weusi wenye kina, ambao unaweza kuuelekeza kwenye ubaridi kwa kuongeza bluu au kwenye joto kwa kuongeza kahawia. Nyeusi ya tyubu ni bapa, jicho linaigonga na kurudi. Kwenye mchanganyiko huu jicho huingia ndani. Paka ubao wote, pembeni ukivuta upande wa bluu na katikati upande wa kahawia, maana katikati ndipo nyota itakapokaa.

Ukitaka wingu la gesi, chovya sponji katika rangi iliyobaki ukiongeza nyekundu kidogo sana na nyeupe kidogo kuliko hapo, uifute kwanza kwenye gazeti, kisha gusa kona moja tu. Onyo: wingu likionekana wazi ukiwa umesimama mlangoni, limezidi. Lifunike nusu kwa weusi. Wingu lenye rangi kali ndilo kosa linalopendwa kuliko yote, nalo huiba macho yanayotakiwa kwenye pete.

4. Nyunyiza nyota za mbali.

Lainisha nyeupe kwa maji mpaka iwe kama maziwa, chovya ncha ya mswaki, jaribu kwanza kwenye gazeti, kisha kwangua kwa kidole gumba ukielekeza ubaoni kutoka sentimita 30. Mara tatu au nne zinatosha. Eneo la katikati, upana wa kiganja, lizibe kwa karatasi, kwa sababu karibu na nyota kali jicho halioni nyota hafifu. Baadaye chagua nyota chache, uzitie rangi kwa kijiti cha meno: mbili za bluu hafifu, moja ya machungwa. Usichore misalaba ya mwanga. Misalaba ile hutokana na vyuma vinavyoshikilia kioo ndani ya darubini, na mtazamaji wetu yuko pale penyewe.

5. Washa nyota kuu.

Weka alama katikati ya ubao, kisha pandisha milimita 3 juu yake. Nyota itakaa hapo, juu kidogo ya kitovu cha pete, kwa sababu pete ikitazamwa kwa kuinama, nusu iliyo karibu nasi huonekana kubwa kuliko ya mbali.

Rangi yake isiwe nyekundu, ingawa jina ni kibete nyekundu. TRAPPIST-1 ina joto la kelvini 2,550 hivi, na balbu za zamani za waya huwaka karibu na 2,700. Ni machungwa yenye manjano. Anza na duara la mwanga la sentimita 12: sponji kavu, nyekundu na kahawia, ukigusa kwa wepesi na kupunguza kadiri unavyotoka nje. Ikikauka, duara la sentimita 7 la machungwa. Kisha la sentimita 3 la machungwa yenye manjano. Mwisho, nyota yenyewe ya sentimita 1: manjano na nyeupe nyingi katikati, machungwa kwenye ukingo. Ukingo wa nyota huwa hafifu kuliko kati yake. Ukiliruka hili, nyota itaonekana kama kibandiko.

6. Chora pete kwenye manila.

Usiichore moja kwa moja ubaoni. Kwenye manila piga mstari ulionyooka, weka alama ya katikati, kisha pima sentimita 24 kila upande na upigilie msumari kwenye kila alama. Chini weka mbao au katoni nene. Funga uzi wa fundi viatu kutoka msumari hadi msumari, uwe na urefu wa sentimita 50 kamili kati ya mafundo, yaani uwe umelegea kidogo. Kaza uzi kwa ncha ya penseli na uzungushe upande wa juu, kisha wa chini. Utapata duaradufu yenye urefu wa sentimita 50 na upana wa sentimita 14.

Onyo kubwa: vuta uzi kwa nguvu mara kadhaa kabla ya kuupima. Ukirefuka milimita 2 tu, upana wa pete huongezeka karibu milimita 7. Uzi wa cherehani na wa mpira haufai.

Sasa sogeza misumari yote miwili chini kwa milimita 6, uchore duaradufu ya pili inayolingana na ya kwanza. Kati ya hizo mbili kuna utepe, na huo ndio mwili wa pete. Kwa mkono, unenepeshe utepe wa chini hadi milimita 8 na uupunguze wa juu hadi 4. Sugua chaki nyuma ya manila, ilaze ubaoni ili kitovu cha duaradufu hizo kikae kwenye ile alama ya kwanza ya katikati, ishike kwa tepu, kisha pitia mistari kwa penseli ngumu. Mistari myeupe itabaki juu ya weusi.

7. Paka pete, na ufuate mwanga.

Taa ni moja tu katika picha hii, nayo iko katikati. Utepe wa juu ni sehemu ya mbali, kwa hiyo tunauona uso wake wa ndani, unaotazama nyota: huu unawaka. Utepe wa chini ni sehemu iliyo karibu nasi, na tunaona mgongo wake: huu ni giza. Karibu kila picha ya kwanza ninayoonyeshwa imewasha pande zote mbili, na hapo hapo pete hugeuka pambo.

Utepe wa juu upake machungwa hafifu iliyochanganywa na nyeupe. Ukiwa bado mbichi, gusa kwa brashi namba 0 madoa ya bluu ya kijivu, kahawia na nyeupe. Hizo ni bahari, nchi kavu na mawingu. Usichore milima, majengo wala madirisha. Soma nyuma ya ubao: dirisha la milimita 1 lingekuwa pana kuliko Dunia yetu. Mtazamaji hahesabu, lakini akiona dirisha anapunguza pete nzima iwe saizi ya jengo.

Utepe wa chini upake weusi ule ule wa hatua ya 3, safi, bila doa, ukifuta nyota za mbali zilizo nyuma yake. Utaonekana kwa kile unachokificha. Nyota za mbali zifike mpaka ukingoni na kukatika ghafla. Ikiwa eneo hilo halina nyota za kutosha, ongeza chache kwa kijiti, kandokando. Kwenye ncha za kushoto na kulia, pale utepe unapogeuka, acha mwanga ufifie katika urefu wa sentimita 2.

Sasa injini: kwenye ukingo wa chini wa utepe mweusi, tia nukta za bluu hafifu kwa ncha ya kijiti, katika makundi ya tatu au nne, umbali usiolingana. Chache. Zinatosha kumwambia mtu kwamba ule weusi ni kitu.

8. Ongeza bumba la paneli.

Kati ya nyota na pete, kwa penseli nyepesi, chora duaradufu tatu ndogo zenye umbo la ile kubwa, na moja iliyoinama upande. Juu ya njia hizi weka mipigo midogo ya brashi, milimita 1 hadi 3. Zilizo upande wa mbali zipake machungwa angavu. Zilizo upande wetu zipake nyeusi, na zitaonekana vizuri zinapopita mbele ya mng'ao. Weka mbili au tatu nyeusi juu ya uso wa nyota wenyewe, ukitumia ncha ya kijiti. Zirundike mahali pamoja, ziache pengo pengine.

Kisha vivuli. Chagua paneli nne za upande wa mbali zilizo kwenye njia zisizoinama. Laza rula kutoka katikati ya nyota kupitia paneli mpaka utepe wa juu, na hapo rula inapogusa utepe, weka mstari mfupi wa giza unaoukata utepe. Huo ni usiku: nchi nzima kule imezimiwa mwanga na paneli iliyopita. Wakitazama picha yangu, watu huuliza kuhusu mistari hii kabla ya kitu kingine chochote. Acha kingo za vivuli ziwe laini kidogo.

9. Mpe mtazamaji kipimo.

Kona ya chini kushoto, nje ya pete, chora sayari kubwa ya milimita 9 yenye mikanda kama ya Mshtarii, upande unaotazama nyota ukiwa na mwanga na mwingine ukimezwa na giza. Kando yake, sentimita 2 hivi, weka nukta moja ya bluu na nyeupe ya milimita 0.8. Hiyo ndiyo saizi ya Dunia. Watu wengi wameshaona picha ya Mshtarii na miezi yake, kwa hiyo jicho litalinganisha lenyewe, lisafiri hadi kwenye utepe, na hapo ukubwa utaingia.

10. Futa na upake vanishi.

Futa chaki kwa kitambaa chenye unyevu kilichoviringwa kidoleni. Ngoja siku mbili, kisha paka vanishi mara mbili kwa brashi bapa, upande mmoja, bila kurudia mahali palipoanza kukauka.

Ukitaka kuchora nyota iliyowahi kushukiwa

KIC 8462852, katika kundinyota la Cygnus, ilitangazwa mwaka 2015 baada ya watu wa kujitolea kuona kwamba mwanga wake ulikuwa ukipungua bila mpangilio, wakati mmoja hadi asilimia 22. Wako waliopendekeza bumba la paneli. Vipimo vilivyotolewa 2018 vilionyesha kwamba mwanga wa bluu ulipungua kuliko mwekundu, na vumbi ndilo hufanya hivyo. Paneli ingezuia rangi zote sawa. Kwa mchoraji hilo ni zawadi: vumbi lenye kingo za wekundu ni zuri sana kwa sponji. Jioni za Agosti na Septemba, ukiondoka kwenye taa za jiji kuelekea Kajiado, utaliona Cygnus upande wa kaskazini, nusu ya njia kwenda utosini. Nyota yenyewe inahitaji darubini.

Kazi ikikwama

*Duaradufu ina ncha zilizochongoka.* Uzi ulipanda kwenye msumari au penseli ililala. Shusha uzi uguse karatasi, simamisha penseli wima, rudia.

*Mng'ao wa nyota una mistari ya duara.* Sponji ilikuwa na rangi nyingi. Changanya rangi ya katikati ya hizo mbili, futa sponji mpaka ionekane haina kitu, gusa juu ya mstari tu.

*Nyota za mbali zimekuwa matone.* Maji yamezidi. Yafunike makubwa kwa weusi, acha madogo.

*Pete bado inaonekana ndogo.* Kagua kwa mpangilio huu: je, utepe wa karibu una mwanga? Je, nyota imepita sentimita 1? Je, kuna kitu chochote kwenye pete chenye umbo unalolijua, kama mlango, mnara au taa ya barabarani? Kifute. Mara nyingi kosa ni la kwanza.

*Weusi una mabaka, pengine unang'aa na pengine haung'ai.* Ni unene wa rangi usiolingana. Usiongeze rangi, vanishi isiyong'aa itausawazisha.

*Je, naweza kufanya haya kwenye simu?* Ndiyo. Hesabu ya hatua ya 1 na mwanga wa hatua ya 7 havibadiliki. Weka pete, bumba na anga katika tabaka tofauti, na usikuze picha zaidi ya mara nne unapoweka vitu vidogo, la sivyo utaanza kuchora madirisha.

*Picha ya simu inafanya anga liwe kijivu.* Kamera inajaribu kuangaza giza. Piga karibu na dirisha, mchana, bila flashi, gusa nyota kwenye kioo cha simu kisha teremsha mwanga mpaka weusi urudi. Inamisha ubao kidogo ukiona mng'ao wa dirisha juu yake.

*Rangi inabambuka pembeni.* Msasa haukufika huko. Kwangua sehemu iliyolegea, piga msasa, paka nyeupe, kisha weusi. Pete haitaguswa kama uliacha nafasi ya sentimita 5 kila upande.